Jeti ya Kyela

Roboti ya mizigo ilimwaga rundo la mabati mbele ya geti la Atuganile, na hakuna aliyesikia kitu. Mabati yaligonga mawe, yakaruka, moja likateleza mpaka mtaroni, yote kimyakimya kama mambo unayoyatazama nyuma ya kioo kinene. Kuku wa jirani aliyekuwa akidonoa palepale hakuinua hata shingo.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya kimezasauti. Kila nguzo ya taa katika jiji la Loleza Mpya ilibeba kimoja: chombo cha kijivu, kikubwa kama fenesi, chenye vitundu vidogovidogo kama chujio la chai. Kilisikiliza kelele inayokuja, kikalisoma wimbi lake, kisha kikatoa wimbi lililo kinyume chake kabisa. Mawimbi hayo mawili yakikutana yanauana, na sikio halipati chochote. Watu waliosimama karibu wakizungumza, chombo kiliwaacha. Mtu akipiga ukelele, nao kiliuacha upite. Ndivyo Halmashauri ilivyoahidi, na ndivyo ilivyopima: karani alisimama uwanjani, akapiga ukelele mmoja, watu wakausikia, wakampigia makofi, sahihi zikatiwa.

Atuganile alikuwa nyuma ya nyumba, stoo, amechuchumaa kwenye kigoda kando ya pikipiki ya matope. Ilikuwa ya njano zamani. Sasa njano yake ilibaki pembeni mwa tangi tu. Madigadi yamekaa juu, matairi yana meno kama ya shoka la mawe, na ekzosi imevimba tumbo katikati kama chatu aliyemeza mbuzi. Injini yake ilikuwa ya mipigo miwili, ile inayonyweshwa petroli iliyokwisha kuchanganywa na oili. Mashine za namna hiyo zilipigwa marufuku siku nyingi, na zikionekana barabarani hupelekwa kusagwa. Lakini yake Atuganile hakuwahi kuipeleka. Alikuwa akiitengeneza yeye, na kaka yake Ambokile ndiye aliyekuwa akiipanda kwenye mashindano.

Ambokile alifariki kiangazi kilichopita. Aliteleza bafuni, nyonga ikavunjika, akawa anaita tangu asubuhi. Atuganile alikuwa ng'ambo ya ukuta, hapohapo stoo, anasafisha kabureta kwa unyoya wa kuku. Alipompelekea magimbi jioni, mwili ulikwisha kupoa. Halmashauri ikaandika kwamba marehemu hakuita, kwa kuwa kama angeita angesikika.

"Shangazi, Halmashauri inakaa leo," alisema Tumpe, binti wa Ambokile, akiingia na mwavuli unaovuja maji. Tumpe alikuwa mhandisi wa vimezasauti hivyohivyo, na tangu msiba alikuwa amekonda mpaka sare ikamwagika mabegani. "Wakipitisha, kuanzia kesho tunavifunga ndani ya nyumba. Kila chumba."

"Na sisi wananchi?"

"Milango imefungwa. Nimeandika barua, nimepiga simu, nimekwenda mwenyewe. Wananiambia ukelele unapita, karani alipima."

Atuganile alipangusa mikono. "Hebu niambie tena lile la baba yako. Polepole, mimi sikusoma hayo."

Tumpe akaketi juu ya debe. "Ukelele wa kwanza unapita kweli. Wa pili unapita. Lakini sauti ikirudiwarudiwa kwa mpigo uleule, chombo kinasema, aa, hii siyo mtu, hii ni mashine. Kinaikariri, kinaimeza, hata ikitoka ndani ya nyumba. Na mtu mwenye maumivu, shangazi, anaita vipi? Anaita vilevile. Baba aliita 'Atu we, Atu we,' hivyohivyo, mpaka…"

Atuganile alilichukua lile neno, Atu we, akalishika moyoni kama mtu anavyoshika kaa la moto kwa makusudi.

"Kwa hiyo kinameza kinachojirudia," alisema hatimaye. "Na kisichojirudia?"

"Kinashindwa. Hakiwezi kukisia kinachofuata."

"Basi hii pikipiki nikiiwasha sasa hivi, itamezwa."

"Chap. Wewe umeitengeneza vizuri mno. Inalia sawasawa kama cherehani."

Atuganile akasimama, akafungua kopo la maziwa ya unga alilowekea vikorokoro, akachambua kwa ncha ya kidole mpaka akatoa kijipande cha shaba nyeupe kisichozidi punje ya hindi, kimetobolewa tundu katikati.

"Hii ni jeti. Ndiyo inayopimia injini mafuta. Huku juu milimani hewa ni nyepesi, kwa hiyo tunaweka jeti ya tundu dogo. Kyela, kule bondeni ziwani, hewa ni nzito, injini inataka mafuta zaidi, unaweka tundu kubwa. Hii ni ya Kyela. Mwaka tulioshinda kule, baba yako kwa furaha akasahau kuibadilisha. Tulipanda milima yote ile pikipiki inakohoa! Mara inawaka, mara inaruka, mara pa-pa, mara kimya, mara paaa! Tukuyu watu walitoka madukani kutucheka."

Tumpe akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. "Shangazi! Miaka yote hiyo unatafuta sauti nyororo, leo unaiharibu?"

"Leo naiharibu. Nipe bisibisi."

Alifungua kabureta, akatoa jeti ya mlimani, akafunga ya Kyela. Akainyanyua na sindano ya mafuta ngazi moja, ili inywe zaidi ya kiasi. Ilikuwa kama kumfundisha mtoto wako mwenyewe kigugumizi. Akachanganya petroli na oili, akatikisa, akajaza tangi mpaka mdomoni.

"Wataisaga," alisema Tumpe.

"Najua."

"Na mimi watanifukuza kazi."

"Utakuja kwangu, tutakula magimbi. Panda."

Atuganile akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena. Mara ya tatu injini ikawaka, ikakohoa moshi wa buluu, ikasita, ikafyatuka. Nyembe za sauti zikakata hewa. Yule kuku wa jirani akaruka juu ya paa akipiga mayowe.

Waliteremka barabara kuu. Vimezasauti viliwaka taa nyekundu nguzo baada ya nguzo, vikihangaika kuukariri mpigo usiokaririka, na kila vilipokaribia kuupata, Atuganile alikunja kifundo cha mkono, akaongeza mafuta na kuuvuruga upya. Madirisha yakafunguka. Watu wakatoka na vijiko mikononi, na povu la sabuni, na watoto mgongoni, wakaanza kuufuata moshi. Wazee waliijua harufu ile, wengine wakalia bila kujua wanalilia nini.

Mbele ya ofisi ya Halmashauri uwanja ulijaa. Mwenyekiti Mwasubila alitoka na tai yake, akasimama ngazi ya juu kabisa, mbali na umati.

"Zima pikipiki hiyo!" Wote walimsikia.

Atuganile akaishusha injini chini, ikabaki inagugumia, lakini hakuizima.

"Nimesema zima!" Hilo nalo lilisikika.

Mwenyekiti akapandwa na hasira. "Zima! Zima! Zima!" akapigapiga hewa kwa kidole, neno lilelile, mpigo uleule. Na hapo, mbele ya macho ya watu wote, sauti yake ikafifia, ikakatika. Mdomo ulifunguka na kufungika. Mishipa ya shingo ilimtoka. Hakuna kilichofika.

"Mheshimiwa, hatukusikii!" mama mmoja alipiga kelele.

"Ongeza sauti, baba!" akadakia mwingine, na watu wakaangua kicheko.

Kisha kicheko kikafa, maana Tumpe alikuwa amepanda ngazi mbili, akawageukia. "Hivyo ndivyo baba yangu alivyoita," alisema. "Kutwa nzima. Na kesho wanataka kuvileta vyumbani mwenu."

Roboti ya ukamataji ilisogea ikanyoosha mikono kuelekea pikipiki, lakini watu walikwisha kusimama katikati, bega kwa bega, na roboti haikuruhusiwa kumgusa mtu.

Mwenyekiti akateremka. Hakuwa na njia nyingine; ilimbidi amsogelee mwanamke huyu mpaka umbali wa kuzungumza.

"Mama, zima basi tuzungumze. Tutaunda kamati."

"Zungumza hivyohivyo. Nakusikia."

"Unataka nini?"

"Andika kwamba kaka yangu aliita. Halafu vishusheni. Tuanze na hicho cha hapo juu yako."

Mwenyekiti akalitazama tangi, akatabasamu kidogo, kama mtu aliyeona mlango wa kutokea. "Mafuta yataisha, mama."

"Yataisha," alisema Atuganile, akivuta tena mafuta kidogo, injini ikakohoa. "Nitaisukuma mpaka nyumbani, nichanganye mengine, nirudi. Wewe katafute ngazi."