Alama Kwenye Bomba la Shaba

Maiti ya fundi bomba ililala kifudifudi jikoni, kisogo kimepasuka. Kwenye sinki palikuwa na kipande cha bomba la shaba, jipya, karatasi iliyolifunga bado iko mezani. Kimeoshwa kikatakata. Inspekta alishangaa. Nani aue mtu, kisha akae aoshe vyombo?

Mdogo wa marehemu hakumsumbua. "Nimemuua mimi. Bomba nikaliosha kwa sabuni na kitambaa."

"Ulimpiga ukiwa wapi?"

"Mbele yake."

"Jeraha liko kisogoni."

"Basi nyuma."

Shingo ya kijana ilikuwa na michubuko ya vidole. Inspekta alikuna kichwa. Kijana alikuwa anajipeleka kifungo cha maisha, huku hajui hata pigo lilitua wapi. Akaagiza wote wa nyumba ile wachukuliwe alama za vidole na viganja, hata mama mzazi wa ndugu hao, aliyekaa chumbani.

Mkemia wa polisi, dada mwenye maneno yake, alimwekea bomba mezani. "Halina damu, jasho wala mafuta."

"Kwa hiyo hamna kitu."

"Nani kasema? Kuna alama za viganja viwili."

"Dada, usinichanganye. Jasho limeoshwa, viganja vimetoka wapi?"

"Mafuta ya ngozi hayakai juu ya shaba kama vumbi mezani. Molekuli zake zinaing'ang'ania shaba, zinaungana nayo, zinageuka kitu kingine. Shaba nayo inabadilika hapohapo. Sabuni inatoa mafuta, na haya si mafuta tena. Nimelipasha moto, mistari ikajitokeza."

"Ya kijana?"

"Hajaligusa kwa mkono mtupu. Ni ya mama yao."

Inspekta akarudi kwenye nyumba ile.

Alimkuta mama palepale chumbani. "Shikamoo, mama. Bomba ulilishika kwa mikono miwili."

"Marahaba." Alivitazama viganja vyake. "Waligombana nani akae na mimi. Hakuna aliyenitaka. Mkubwa akamkaba mdogo mpaka macho yakamtoka. Nikaita, hakusikia. Nilitaka amwachie tu, baba. Amwachie tu."

"Na kijana anasema ni yeye."

"Jana alikataa kulala nyumba moja na mimi. Leo anataka kufungwa kwa ajili yangu." Machozi yalimtiririka, hakuyafuta. "Hebu nieleze wewe uliyesoma, maana mimi sielewi."

Inspekta akamshika mkono, akamsaidia kusimama.