Lori la Maji Lililotoka Kambini

Lori la maji lilikata kona, likaangusha kibao cha kinyozi, likazidi kukimbia.

Kipanga alikuwa nyuma yake, juu ya pikipiki ya Yamaha isiyo na namba.

"Uko wapi?" Mkuu wake aliuliza redioni.

"Mkiani mwake."

"Ndege inaruka muda wowote. Usiniangushe."

Ndege hiyo ilikuwa ikiwabeba askari wa mwisho wa kigeni, wenzake Kipanga. Serikali yao ilikuwa imechoshwa na vita vya ugenini, ikaamuru majeshi yarudi nyumbani. Tangu asubuhi mji ulikuwa umegeuka. Polisi walivua sare. Maduka yakafungwa. Wanaume wenye bunduki, ambao jana walikuwa mafichoni, leo walisimama njia panda wakikagua watu.

Mkalimani wa kambi yao, binti wa mji huo, ndiye aliyemsikia dereva wa lori akinong'ona na mwenzake kwa lugha ya kwao. Ndani ya tangi hakukuwa na maji. Kulikuwa na makombora ya kutungulia ndege, yaliyoibwa ghalani wakati kila mtu akifunga virago. Alimweleza Kipanga, kisha akaomba kitu kimoja: yeye na mama yake wapate nafasi ya kuondoka. Kipanga alifikisha ombi. Mkuu akajibu kwamba raia hawamo.

Lori liliingia kwenye machimbo ya kokoto, jirani na uwanja wa ndege.

Kipanga alichomoa bastola yake ya Glock.

Risasi moja tu. Tairi la mbele likapasuka, lori likayumba na kulala ubavu.

Mtu alichomoka nyuma ya rundo la mawe, bunduki begani. Kipanga alimwahi kwa risasi. Mtu yule akaanguka, asiinuke.

Dereva alijikokota nje, damu ikimchuruzika usoni. Hakujaribu kukimbia.

"Wale wenye bunduki wamewashika wanangu, kaka," alisema. "Ningefanyaje? Nyinyi mnapanda ndege. Sisi tunabaki nao."

Kipanga alimfunga jeraha kwa leso yake, akamwambia awahi kwa wanawe kabla habari hazijafika mjini. Dereva alipopotea machoni, akatega baruti aliyokuja nayo kwenye tangi.

Ndege ilipita juu yake, kubwa, nzima.

Akasogea mbali, akabonyeza kitufe cha kulipulia. Machimbo yakatetemeka.

"Kazi safi," Mkuu alisema. "Watu wetu wote wako salama."

"Wote?"

Mkuu akabadilisha mada. "Helikopta ya kukuchukua iko uwanja wa mpira. Wahi."

Kipanga aliwasha pikipiki, lakini alianzia kwa mkalimani. Alimkuta amekaa mlangoni na mama yake, kifurushi kimoja kati yao. Ukutani mtu alikuwa ameshaandika kwa rangi nyekundu: *Msaliti*.

Aliwapakia wote wawili kwenye pikipiki hadi uwanja wa mpira.

Helikopta ilikuwa ndogo, imejaa mitambo ya mawasiliano. Kipanga alipoigusa, rubani akalalamika kwamba hiyo ni mali ya serikali. Kipanga alishusha masanduku yote nyasini, akamketisha mama kwenye kiti kilichotengwa kwa ajili yake mwenyewe na binti palipokuwa na mizigo.

"Na wewe?" mkalimani aliuliza.

"Mimi nina miguu."

"Mpakani ni mbali, kaka. Na wenye bunduki wanakujua."

"Mshike mama vizuri."

Helikopta ilipaa. Mkuu alianza kufoka redioni. Kipanga akaizima, akafunga zipu ya koti, akaiacha pikipiki ambayo wangeitambua, akaingia barabarani kwa miguu taratibu, katikati ya watu waliokuwa wakielekea mpakani na magodoro vichwani.