Barafu ya Miaka Saba

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, Daktari alitoa kichupa kimoja kwenye friza ya maabara, akakiyeyusha, akakiinua kwenye mwanga. Protini iliyopaswa kuwa angavu kama maji ilikuwa imeshikana na kuwa nyeupe kama ute wa yai lililochemshwa. Akajaribu cha pili, cha tano, cha ishirini. Kufikia saa nne alikuwa ameketi sakafuni, na aliyepiga simu polisi alikuwa mtu mwingine.

Inspekta alifika saa tano. Yeye na somo la kemia waliachana shuleni, kwa amani, bila kinyongo upande wowote.

"Nieleze kama unavyomweleza shangazi yako," alisema.

"Nimeichunguza protini hii moja miaka thelathini na moja," Daktari akajibu. "Namna inavyojikunja, namna inavyofunguka. Ndiyo iliyonipa jina. Wiki ijayo wanakuja wageni kurudia vipimo vyangu. Mwisho wa mwezi nastaafu, na maabara inafungwa. Alhamisi niliipima, ilikuwa nzima. Ijumaa nikasafiri, nikarudi jana usiku."

"Labda friza ilizimika?"

Daktari akamwonyesha glasi ya barafu kwenye rafu ya juu, na sarafu juu yake. "Barafu ikiyeyuka, sarafu inazama. Kaka aliiweka miaka saba iliyopita na hatujaigusa."

Kaka mwenyewe hakuwa ndugu wa damu. Alikuwa fundi wa maabara, mwenzake wa miaka ishirini na sita, na wengine walimwita Mizani kwa kuwa alipima hata majani ya chai. Aliitikia kwa kichwa bila kuinua macho.

Msafishaji alikuwa na ufunguo. "Jumamosi na Jumapili sifanyi kazi," alisema. "Na hiyo sarafu nilidhani mtu kasahau nauli yake. Sikuichukua, afande, ingawa siku nyingine nilikuwa na haja nayo."

Mwanafunzi wa uzamivu ndiye aliyenuka hatia. Wiki iliyopita jina lake liliachwa kwenye makala, naye akapiga kelele korido nzima ikasikia kwamba bora vyote viharibike. Jumamosi saa tisa alasiri alisaini kwa mlinzi.

"Nilifuata daftari langu," alisema, machozi yakimlenga. "Sikufungua friza. Nilikuwa peke yangu, kimya kabisa, nasikia saa ya ukutani tu."

"Na sarafu?"

"Nilimuuliza Mizani siku ya kwanza. Akaniambia ni ya bahati."

Inspekta akarudi maabara, akasimama mbele ya friza. Ilikuwa ikinguruma kiasi kwamba saa ya ukutani haikusikika hata kidogo. Akaitoa ile glasi. Barafu ilijaa hadi ukingoni. Nyumbani kwake, barafu iliyosahauliwa miezi sita tu hunywea ikabaki nusu, na hii ilidaiwa kukaa miaka saba.

Akawaita Daktari na Mizani.

"Jumamosi friza ilikuwa imezimwa," alisema. "Kisha mtu akagandisha maji mapya na kurudisha sarafu juu. Waliojua kazi ya sarafu ni wawili, na mmoja alikuwa safarini."

Mizani akavua miwani.

"Nilipitia mlango wa nyuma Jumamosi asubuhi nikaizima, nikarudi Jumapili nikaiwasha," alisema. "Nilitaka protini ionekane imekufa kwa uzee. Protini huzeeka. Asingelaumiwa mtu."

"Kwa nini, kaka?" Daktari aliuliza taratibu.

"Ile kadi ya vipimo, dada. Mwezi uliopita nilikuwa nawanakilia wageni, nikailinganisha na daftari lako la zamani. Wewe uliandika chumvi gramu moja na nusu. Mimi kwenye kadi niliandika kumi na tano. Miaka kumi na miwili tumefuata kadi, hakuna aliyefungua tena daftari. Huenda inafunguka kwa sababu ya chumvi yangu tu. Wageni wangeliona hilo mbele yako, wiki ya kuagwa kwako. Sikuweza."

Daktari akaketi kwenye kiti cha karibu.

"Ungeniambia," alisema. "Ningepima upya kwa chumvi sahihi. Siku tatu tu, kaka. Kama nilikosea ningesimama mbele yao niseme nimekosea. Sasa protini imekwisha, kutengeneza nyingine ni miezi, na maabara inafungwa. Sitajua. Maisha yangu yote, na sitajua kama yalikuwa ya kweli."

Mizani alilia kama mtoto. Inspekta alimshika mkono, kwa upole, amtoe nje. Hapo Daktari akainuka, akafungua mkoba wake na kutoa mfuko wa mkate.

"Ana kisukari huyu," alimwambia Inspekta. "Hajala tangu asubuhi. Msimpeleke bila kula."

Akamwekea mkate mkononi, akageukia dirisha.