Lete Nikupokee

Mwanamke yule hakuwa na jasho. Hilo ndilo jambo la kwanza Modesta aliloliona, na laiti angeishia hapo. Saa saba ya mchana mjini Unguja, Agosti ya mwaka wa hamsini na nne, kuta zenyewe zilikuwa zikitoa joto na kila mtu akijifuta shingo kwa leso, lakini huyu wa buibui alikuwa akipita kichochoroni na kapu kubwa la ukindu kichwani, uso wake mkavu kabisa.

Modesta na wenzake walikuwa wanawake ishirini na mmoja kutoka Mgeta, juu milimani Uluguru, wakulima wa kabichi na njegere na wanakwaya wa kigango. Walikuwa wamepanda lori, treni, kisha meli, ili wakaimbe misa kwenye kanisa la Minara Miwili na waione nchi ya Sultani kwa macho yao. Misa ilikwisha asubuhi, na tangu hapo kazi ilikuwa kutembea na kushangaa. Walilikodolea macho Jumba la Maajabu mpaka shingo zikauma. Walikunywa madafu Forodhani. Sokoni Darajani Theresia, mwenye sauti kubwa kuliko wote, alimwona pweza kwa mara ya kwanza maishani mwake akapiga yowe, na wauza samaki wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Katekista Gabrieli alikuwa amewapanga wawili wawili, washikane mikono kama watoto wa Komunyo ya kwanza, asije akapotea mtu. Sasa ishirini na mmoja utawagawa vipi? Aliyebaki bila wa kumshika mkono alikuwa Modesta. Hakuna aliyekusudia. Ilitokea tu, kama ilivyokuwa ikitokea tangu mumewe afariki miaka sita iliyopita bila kumwachia hata mtoto. Alitembea mwisho wa mstari, akajidai anatazama milango.

Watu wa milimani wana adabu moja ya njiani. Ukikutana na mwanamke mwenye mzigo, humpiti kimya, unamwambia, "Lete nikupokee." Naye hujibu, "Asante, nimekaribia," hata kama kwake ni vilima vitatu mbele, na kila mtu anaendelea na safari yake. Ni salamu zaidi kuliko msaada. Modesta alikuwa ameyasema maneno hayo maelfu ya mara, na siku ile aliyasema tena, ila safari hii aliyasema kwa moyo wote, kwa sababu alitamani mtu wa kutembea naye.

"Lete nikupokee, mama."

Mwanamke akasimama. Akamtazama Modesta kwa muda mrefu, halafu akainamisha kichwa.

"Umesema mwenyewe," alinong'ona.

Kapu lilikuwa jepesi, jepesi mno kwa ukubwa ule. Lilinukia udi, na chini ya udi ilikuwepo harufu nyingine, ya maji ya kisima kisichochotwa. Modesta akajitwika.

"Hadi wapi, mama?"

"Twende tu."

Akaenda, na nyuma yake akasikia ndara zikiburuzwa, na mbele kicheko cha Theresia kikizidi kuwa mbali, na kila alipokata kona aliikuta kona nyingine, milango yote imefungwa, hakuna mtoto, hakuna paka, mpaka kicheko kikapotea zikabaki ndara peke yake. Akageuka. Kichochoro kilikuwa kitupu. Akainua mikono alitue kapu aondoke zake, na mikono ikagusa kitambaa chake cha kichwa, na chini ya kitambaa nywele zake mwenyewe. Kapu halikuwepo. Uzito ulikuwepo.

Walimkuta amekaa kwenye baraza ya nyumba ya watu.

"Umetuweka roho juu!" Gabrieli alifoka. "Mtu mzima unapotea kama mbuzi?"

Modesta aliomba radhi. Hakueleza. Mtu aliyeishi peke yake miaka sita husahau namna ya kuanza kueleza. Kwenye meli alijikunja pembeni, shingo imekakamaa, na wenzake walidhani ni bahari.

Alipofika kwake, mdogo wake Felista alipanda mlima kuja kumlaki, mtoto wake mchanga, Furaha, mgongoni. Walikula halua ya Unguja wakiwa wamekaa mlangoni.

"Dada, mbona umekaa kama mtu mwenye mtungi kichwani?"

"Safari," Modesta alisema.

Baada ya wiki mzigo ulikuwa mzito kama ndoo ya maji. Baada ya mwezi ulikuwa tenga la kabichi, na hauteremki, iwe amesimama, iwe amelala. Kila hatua ukindu ulilia juu ya kichwa chake, kwi, kwi, naye akawa anatembea na mkono mmoja juu akishikilia kitu ambacho watu hawakukiona. Akaacha kwenda gulioni, akaacha na kwaya. Asubuhi ukungu uliposhuka ukafunika matuta na njia na hata mlango wa jirani, alizisikia ndara nyuma yake, akisimama zinasimama, akienda zinakwenda, zikimfuata shambani na kisimani na kumrudisha mpaka upenuni mwa nyumba yake, zikaishia hapo kila siku kama mgeni anayesubiri kukaribishwa, na harufu ya udi ikaingia ndani bila mwenyewe.

Siku moja alijipa moyo akauliza bila kugeuka, "Hadi wapi?"

"Bado," sauti ikajibu karibu kabisa na sikio.

Gabrieli alikuja na maji ya baraka, akasali kwa dhati. Mzigo ukaongezeka. Ndipo Modesta alipodandia lori la mboga, akateremka Morogoro mjini kwa Mzee Abasi, ambaye watu walisema anaongea na majini kama mtu anavyoongea na majirani zake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ingia polepole, usijigonge mlangoni," mzee alisema, akitazama juu ya kichwa chake. Alikuwa mtu wa kwanza kuuona mzigo ule.

Alifukiza ubani, akasoma, akauliza kwa upole, na kutoka nyuma ya Modesta, mahali palipokuwa na ukuta mtupu, sauti ya mwanamke ikajibu:

"Sikumwingilia mimi. Alinipokea."

Mzee Abasi akafunika chetezo.

"Mwanangu, jini humpanda mtu kichwani kwa nguvu, na mimi humshusha kwa nguvu. Huyu hakupanda. Umemchukua kwa hiari yako, na kwa hiari tu ndipo atakapotoka. Akitokea mtu akakwambia maneno uliyomwambia yeye, na akayasema kwa moyo, ukainama, utakuwa umetua."

"Na huyo mtu?"

"Shingo yako haitafika masika," alisema taratibu. "Tafuta mtu anayekupenda."

Njia nzima ya kurudi mlimani Modesta alitafuta, na hakuhitaji kutafuta sana. Wa njiani wangesema kwa mdomo tu. Anayempenda alikuwa mmoja. Na tusimfanye mtakatifu: mpaka nusu ya mlima alikuwa ameshaamua. Felista ana mume, alijiambia, ana wifi, ana majirani, wangemsaidia. Mimi nimechoka. Mimi nina nani? Alilia akitembea, na ukindu ulilia naye.

Felista alikuwa anashuka. Alimsikia kabla ya kumwona kwenye ukungu, akimwimbia mtoto.

"Dada! Shikamoo. Ulikuwa wapi? Nimekutafuta tangu asubuhi." Akasogea. Akaona jinsi mkubwa wake alivyopinda, na machozi yakamlengalenga. "Jamani, dada yangu. Lete ni..."

Mgongoni Furaha alikuwa amelala, mdomo wazi, shavu limebonyea kwenye bega la mama yake.

"Mchawi!" Modesta alipiga kelele.

Felista akarudi nyuma hatua moja.

"Usinisogelee! Unadhani sijui nani alinifunga tumbo? Nani alimla mume wangu? Ni wewe, ili uzae peke yako! Ondoka! Nikikuona tena kwangu nitaita watu wote wa kilimani, niwaambie wewe ni nani!"

Alichagua maneno ambayo ndugu hawasameheani, na kila moja lilimkata yeye kwanza. Felista alisimama akitafuta uso wa dada yake katika uso ule. Halafu alikaza kanga ya mtoto, akampita pembeni ya njia, akashuka haraka, akiteleza. Modesta alitamani kumwita. Aling'ata ulimi mpaka ukatoa damu.

Siku tisa hakuna mtu aliyepanda kwake. Maneno yale yalikuwa yameshaenea, na watu wakazunguka kwa njia ya chini.

Siku ya kumi, adhuhuri, alisonga ugali akiwa amepiga magoti, kwa kuwa kusimama kulikuwa kumemshinda. Ukungu ulikuwa mlangoni. Ndara zikaja upenuni, zikasimama mahali pake pa kila siku. Modesta alisikiliza. Siku tisa hakuwa amesikia sauti yake mwenyewe, achilia mbali ya mtu. Akaugawa ugali mara mbili. Akamwaga maharage kwenye bakuli, akatoa maji ya kunawa, akayasogeza upande wa mlango.

"Karibu tule," alisema.

Ndara zikavuliwa nje, moja, halafu ya pili. Maji yakatikisika ndani ya chombo, mtu akinawa mikono bila haraka, na Modesta akasogea kidogo kumpisha kwenye mkeka.