Vibua Waliokaa Juani

Kila Jumamosi, kengele ya baiskeli ya mchuuzi wa samaki ilikuwa hailii mara ya pili kabla Hakimu hajafungua mlango wa nyuma wa mgahawa wa shangazi yake. Hilo halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alibandikwa jina hilo na mchuuzi huyohuyo siku msichana huyo, akiwa na miaka kumi na mmoja tu, alipomrudishia samaki watatu mbele ya watu na kumtajia kasoro ya kila mmoja. Mtaa ukalipenda jina, likamganda kama ulimbo.

Jumamosi hiyo mchuuzi alileta boksi la vibua. Hakimu alimwamkia, akanawa mikono, akaanza kazi. Kwanza alitazama macho. Alitaka jicho lililojaa na kung'aa, si lililodidimia likaingia ukungu. Kisha akafunua shavu la samaki na kuchungulia matamvua, zile nyuzi za ndani anazovutia pumzi, akayakuta mekundu. Akabonyeza mgongo kwa kidole. Nyama ikarudi mahali pake bila kuacha shimo. Mwisho akainama na kunusa. Harufu ilikuwa ya maji ya chumvi, basi.

"Hukumu imetoka?" mchuuzi aliuliza.

"Wote wamepita isipokuwa huyu. Tumbo lake limepasuka."

"Aa, huyo alipasuka njiani. Baiskeli iliingia kwenye shimo."

"Basi mpelekee aliyelichimba," Hakimu alijibu.

Mchuuzi alicheka, akamtoa yule samaki na kumtupa ndani ya ndoo yake ya taka.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, kikapu mkononi, akisikiliza. Hakuwa mtu wa kumwaga sifa, lakini siku hiyo alisema jambo ambalo hakuwahi kulisema. "Naenda sokoni kutafuta mkaa na nyanya, huenda nikachelewa. Mafundi wa karakana watakuja kula saa saba, na fundi cherehani atapitia vibua wake wawili aliowaagiza. Watoe samaki matumbo, uwaoshe, uwatie kwenye barafu. Barafu kwanza, mengine baadaye. Nimekuachia jiko."

"Jiko liko salama, Shangazi."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuachiwa jiko peke yake. Alijihisi amerefuka kidogo.

Aliwapanga vibua juu ya meza ya bati nje, penye kivuli cha ukuta, apate nafasi ya kuwapasua. Hata saa tatu na nusu haijafika, alikuwa amewamaliza wote. Alikuwa akielekea ndani kuchukua barafu wasichana wawili wa darasani kwao walipopita.

"Hakimu, hebu tufundishe nasi," mmoja alisema. "Mama hunituma samaki, nikirudi nao kila siku ni lawama."

Nani angekataa ombi kama hilo? Hakimu alirudi mezani. Akawaonyesha jicho, akawaonyesha shavu. Akawafumba macho kwa kitambaa ili watambue samaki mzuri kwa kubonyeza tu. Watoto wengine watatu wakajiunga, kisha wengine wawili.

"Na bunju je?" mdogo mmoja aliuliza. "Yule anayejivimbisha kama mpira?"

"Huyo hata awe ametoka majini sasa hivi, usimguse. Yeye sumu yake ni ya mwilini mwake. Umchemshe, umkaange, umkaushe, haiondoki."

Walimsikiliza kimya, na ukimya ule ulikuwa mtamu kwake kuliko sukari. Somo likiwa bado linaendelea, fundi cherehani, mzee mcheshi mwenye miwani ya kamba, alikuja na kuamkiwa na kundi zima. Mawazo yake yote yakiwa kwenye somo, Hakimu alimchagulia vibua wawili wakubwa, akawafunga kwenye gazeti, akaendelea na darasa lake.

Watoto walipotawanyika, ndipo alipoona kwamba kivuli kilikuwa kimehama zamani. Meza yote ilikuwa juani. Aligusa bati, likamchoma. Akawagusa samaki, akakuta wana joto la mtu mwenye homa. Alikimbia ndani kutazama saa. Saa sita na robo.

Akawazoa vibua harakaharaka na kuwafukia kwenye barafu. Baada ya muda alimtoa mmoja na kumkagua. Jicho bado liling'aa. Matamvua bado yalikuwa mekundu. Alinusa, akanusa tena. Hakukuta ubaya wowote. "Wamepita," alijinong'oneza, lakini sauti yake mwenyewe haikumshawishi.

Shangazi alirudi saa sita na nusu. Alinawa, akafunua boksi, akakagua samaki wawili watatu. "Wazuri. Na barafu umeshindilia vizuri. Umefanya kazi ya mtu mzima."

Sifa ile ilimchoma Hakimu kama mwiba. Aliona mkono wa shangazi ukishika kisu, ukamchanja kibua wa kwanza ubavuni ili chumvi iingie. Mafuta yalikuwa yameanza kupata moto. Watu ishirini wangekula chakula kile, na kila mmoja wao angekula kwa sababu anamwamini shangazi.

"Shangazi, weka kisu chini."

Shangazi aligeuka.

"Barafu nimewatia sasa hivi tu. Walikaa mezani nje tangu saa tatu. Nilikuwa nawafundisha wenzangu, jua likawakuta. Nimewakagua, hawana dalili, lakini walikuwa wa moto."

Shangazi hakupaza sauti. Alizima jiko. "Vibua kukaa nje kwa muda wa saa tatu nzima," alisema polepole. "Mwanangu, vibua na jodari si samaki wa kukaa juani. Wakipata joto, nyama yao hutengeneza sumu isiyoonekana wala kunuka. Na ikishaingia, moto hauitoi, barafu haiitoi. Kuna yeyote uliyempa?"

"Fundi cherehani. Wawili."

"Alikuja saa ngapi?"

"Kama saa sita hivi."

"Umempa wewe, utamzuia wewe. Kimbia. Nakuja nyuma yako."

Alikimbia. Kibanda cha fundi kilikuwa mtaa wa tatu. Alimkuta ameketi kando ya cherehani yake, sahani magotini, kibua mmoja wa kukaanga amekwisha kuliwa ubavu mzima.

"Babu, acha kula. Samaki hao si salama."

Mzee alimtazama juu ya miwani. "Si wewe uliyenipa? Hakimu anafuta hukumu yake mwenyewe?"

"Ndiyo, naifuta. Waliachwa juani, na niliyewaacha ni mimi."

"Basi wasiwasi wako tu. Nimewakausha kwenye mafuta mpaka wamelia. Moto huua kila kitu."

"Huua vijidudu, Babu, lakini sumu hii hauiui. Nakuomba uweke sahani chini." Alinyoosha mikono yote miwili na kungoja.

Mzee alisita. Alipitisha ulimi kwenye midomo. "Ajabu," alisema. "Ulimi unaniwasha kama pilipili, na pilipili sikutia." Akamkabidhi sahani.

Shangazi alipofika, uso wa mzee ulikuwa umeanza kuwa mwekundu na kichwa kilimgonga. Walimshika huku na huku, wakampeleka zahanati iliyo mtaa wa nyuma. Muuguzi alitaka kujua amekula nini, na Hakimu alieleza yote, tangu saa tatu mpaka dakika ile, bila kuruka kitu.

"Umenirahisishia kazi," muuguzi alisema. "Watu wengi huja hapa na kuficha, tukabaki kubahatisha." Alimpa mzee vidonge vya mzio na maji mengi, akamlaza karibu na dirisha. Kabla ya saa tisa wekundu ulikuwa umemtoka na alikuwa akimtania muuguzi kwamba koti lake limeshonwa vibaya.

Mafundi wa karakana walikula maharage na mayai siku hiyo. Shangazi aliwaambia wazi kwamba samaki waliharibiwa na jua. Wengine walinung'unika kidogo. Wakala, wakamaliza, wakaomba maharage mengine.

Jioni Hakimu na shangazi walichimba shimo refu nyuma ya mgahawa na kuwafukia vibua wote, ili hata paka wasiwafikie. Hakimu alikuwa akisubiri adhabu. Alipoona haiji, aliuliza mwenyewe.

"Shangazi, hutanigombeza?"

"Kwa kosa la barafu ningekugombeza kutwa, na wewe wajua. Nilikuambia barafu kwanza." Shangazi alishindilia udongo kwa jembe. "Lakini nisikilize. Mimi nina miaka ishirini jikoni, na leo niliwatazama wale samaki nikasema wazuri. Jicho langu lilidanganyika. Jicho, shavu, kidole na pua vyote ni vya lazima, na kuna samaki, kama bunju, lazima umjue kwa jina lake. Lakini samaki hawezi kusema alikaa wapi na kwa muda gani. Anayejua ni mtu aliyekuwa naye. Mtu huyo akificha, ujuzi wetu wote ni bure. Akisema kweli, hata kama kweli hiyo inamwaibisha, watu ishirini wanarudi kwao wazima. Wewe leo ulisema."

Hakimu alifuta jasho kwa kiganja chenye udongo, uso ukachafuka. Hakujali.

"Kesho asubuhi mchuuzi ataleta samaki wengine badala ya hawa," shangazi aliongeza, akiweka jembe begani. "Mimi nitakuwa na kazi ya kuni. Utawapokea wewe."

"Nitawapokea, Shangazi," Hakimu alisema, "na hawatagusa meza."