Kiraka cha Mbele

Mtaa wa vipuri ulikuwa umefurika asubuhi ile. Watu walipishana mabega kwa mabega, mmoja kabeba mlango wa gari kichwani, mwingine anabishana juu ya redieta iliyotoboka. Katikati yao alikuwa msichana mwenye kitambaa cha njano kichwani na suruali ya kazi iliyopauka magotini. Alikuwa ameinama juu ya springi ya mabamba ya gari la zamani, anaisugua kutu kwa kidole gumba. Alikuwa ameshapatana na muuzaji, anatafuta tu mtu wa kumsaidia kuinyanyua.

Mkono ukapita kando ya bega lake, umeshika nyundo ndogo, ukaigonga springi ile huku na huku.

"Usinunue, dada. Bamba la chini limepasuka."

Muuzaji alimwambia yule kijana kwamba siku moja atamvunjia hiyo nyundo yake kichwani. Kumbe walikuwa wanafahamiana. Kijana alikuwa fundi wa kuchomelea chasisi, zile fremu ndefu za chuma zinazobeba gari zima, na mtaa mzima ulimwita Sikio kwa sababu hakuamini chuma mpaka akigonge na kukisikiliza. Msichana akamuuliza kama yeye ni daktari. Sikio akasema ndiyo, ila wagonjwa wake hawajui kulia, ndiyo maana inabidi awagonge.

Msichana alicheka. Wakazunguka pamoja vibanda vyote mpaka wakapata springi nzima, na Sikio akaibeba begani hadi kwao. Yeye alikuwa amekuja kutafuta vyuma vyake mwenyewe. Alirudi bila hata kimoja, wala hakulitaja hilo.

Nyumbani kulikuwa na baba mtu, mzee mwembamba wa maneno machache, na uani kulikuwa na gari. Ujana wake wote mzee alikuwa ameliendesha porini, akiwapeleka wapima ardhi kwenye milima isiyo na barabara. Kisha macho yakachoka, gari likakaa, nyasi zikaota kwenye magurudumu. Binti alijifunza kuendesha kwenye gari lilelile, na sasa alikuwa amepata kazi ya kuwapeleka wachimba visima milimani kwa mwaka mzima. Hakuna aliyekuwa tayari kumwajiri bila gari. Likipona ataondoka mvua zikiisha. Lisipopona, kazi itakwenda kwa mwingine, naye arudi kufua nguo za watu.

Kwa hiyo gari likavutwa hadi kwenye karakana ya Sikio. Bodi ikanyanyuliwa na kuwekwa pembeni, chasisi ikabaki juu ya stendi kama mifupa ya ng'ombe. Kila siku Dereva, ndivyo watu wa karakana walivyomwita, alikuja kukwangua kutu kwa brashi ya waya, na mama wa chai wa getini alimwekea kikombe na kukifunika kwa sahani kisipoe.

Mapenzi yao yalianza hivyo, katika vumbi la kutu. Jioni walipigiana simu.

"Umenawa?" Sikio aliuliza.

"Nimenawa, lakini bado nanuka karakana. Baba anasema nimegeuka fundi."

"Mimi nanukia wewe."

"Mwongo. Niambie gari litakwisha lini, mpenzi."

"Halitakwisha. Kila boliti utakayokaza mchana, mimi jioni nitakuja kuilegeza. Utazeekea hapa hapa."

Dereva alicheka mpaka baba yake akagonga ukuta. Maneno yale yalikuwa matamu siku ile.

Mbele, karibu na pale springi inaposhikiliwa, chasisi ilikuwa na ufa mdogo. Chuma chenyewe kilikuwa kizima, kilihitaji kiraka tu. Sasa kiraka cha chasisi hakikatwi wima kama kipande cha ubao. Miisho yake huchongwa ikae kama ncha ya mkuki, ili mzigo ukiingie taratibu. Ukikikata wima, chuma cha zamani huchoka palepale kiraka kinapoishia. Sikio alilijua hilo tangu akiwa mwanafunzi. Lakini alasiri ile Dereva alikuwa amesimama getini, amevaa gauni la kijani ambalo hajawahi kumwona nalo, viatu vya kamba mkononi ili visiingie vumbi, anamwita afanye haraka, kwani yeye hakuvaa hivyo kwa ajili ya kuangalia vyuma. Sikio akakata wima, akachomelea, akajiambia atarudi kukichonga kesho. Akanawa uso, wakatoka.

Kesho yake alianza na nyuma, na nyundo ikamwambia jambo jingine. Kule nyuma chuma hakikulia. Kiliguna. Alitoboa tundu dogo, kutu ikamwagika kama unga. Fremu zote mbili zilikuwa zimeliwa kwa ndani, nje imebaki ngozi. Aliweka nyundo chini. Hakukifikiria tena kiraka cha mbele. Gari lililokufa halihitaji kuchongewa kiraka.

Alimpikia Dereva chai mwenyewe siku ile, akamketisha, akamwambia.

"Chasisi hii isibebe mtu tena. Tutafute nyingine. Itachukua muda, lakini nitakutafutia."

"Muda gani?"

"Sijui. Pengine mvua zitakuwa zimeisha."

Dereva aliweka kikombe chini. "Utazeekea hapa hapa," alisema polepole. "Si ndivyo ulivyosema?"

"Ule ulikuwa utani, mpenzi."

"Na huu?"

Sikio alimpa nyundo agonge mwenyewe asikie. Dereva hakuipokea. Alisema wanaume wote aliowajua walimtakia mema mpaka siku alipotaka kuondoka. Alisema Sikio angemwambia tu abaki, pengine angebaki, lakini siyo kumuulia gari la baba yake ili amfunge. Sikio alikuwa kweli hataki aondoke, na hilo lilionekana usoni pake, basi ukweli wake ukafanana na uongo.

Gari likavutwa hadi kwa fundi wa kona, ambaye alisema huyo Sikio anapenda kuogopesha watu. Alifunika nyuma kwa mabati, akajaza mashimo, akapiga rangi nyeusi inayong'aa. Kiraka cha mbele alikikuta kimeshachomelewa vizuri, akakipaka rangi tu. Sikio alipiga simu, haikupokelewa. Mwisho akatuma ujumbe: usimpakie mtu humo, hata kama hunitaki. Dereva aliusoma, akaufuta, kisha akalala amekumbatia simu.

Siku moja kabla ya safari mzee aliomba apandishwe. Alitaka kusikia gari lake likipanda mlima. Alivaa koti lake la kazi la zamani, akafungua dirisha, na njia nzima alikuwa anatabasamu kwa macho yasiyoona vizuri. Kwenye mteremko wa nje ya mji kitu kikakatika mbele kwa kishindo. Gurudumu likajikunja chini, gari likaingia mtaroni kwa upande wa mzee.

Dereva alivunjika mkono. Mzee alipondeka kifua.

Aliyempigia Sikio simu ni mama wa chai. Sikio alifika hospitali na nguo za kazi. Dereva alipomwona aligeukia ukutani. Sikio akaenda kwa mzee. Alimnyoa ndevu, alimnyanyua kubadilisha shuka, alimlisha supu kwa kijiko kidogo huku akingoja pumzi irudi kati ya kijiko na kijiko. Mzee alimuuliza kama ndiye yule aliyesema gari limekufa. Sikio akakubali.

"Ulisema kweli," mzee alinong'ona. "Lakini lilipanda mlima vizuri, mwanangu. Ungelisikia."

Akafariki kabla ya wiki kwisha, asubuhi, dirisha likiwa wazi kama alivyopenda.

Msibani Dereva hakulia mbele za watu. Shangazi yake, dada wa marehemu, ndiye aliyelia kwa niaba ya wote. Watu wa mtaa walimsifu Sikio kwa sauti za chini: aliona, alisema, hakusikilizwa. Fundi wa kona alifunga kibanda chake akahamia kwingine. Na baada ya mazishi, Dereva alimfuata Sikio pale alipokuwa anakusanya viti.

"Sema," alimwambia. "Sema uliniambia."

"Sisemi."

"Nimemuua baba kwa ubishi wangu. Wewe ulinipenda, nikakuita mwongo. Nisamehe."

Sikio alimshika ule mkono mzima, akamwambia apumzike. Ndani yake alisikia, katikati ya huzuni, furaha ndogo ya kurudiwa, akaionea aibu.

Mabaki ya gari yaliletwa karakana kwa sababu hapakuwa na pengine pa kuyaweka. Sikio aliyamwagia maji kuondoa matope, akainama kuangalia palipokatika.

Nyuma hapakuvunjika. Mabati ya fundi wa kona yalikuwa bado yameshika. Palipokatika ni mbele. Chuma kilikuwa kimekatika wima, safi kama kwa kisu, palepale kiraka chake kilipoishia.

Alikaa pale mpaka mama wa chai akaja kumwuliza kama anaumwa. Hakuna mtu mwingine ambaye angeweza kuusoma mkato ule. Angeweza kuchukua msumeno wa umeme, akate vipande, auze chuma chakavu, na Dereva angebaki wake. Alikuwa amemsubiri sana.

Akampigia simu, akamwomba aje mchana, mwanga ukiwa mzuri.

Dereva alikuja na nguo nyeusi, mkono umefungwa plasta. Sikio hakumkaribisha kiti. Alikichukua kidole cha Dereva, akakipitisha kwenye ukingo wa chuma.

"Hiki ni kiraka changu," alisema. "Nilitakiwa kukichonga ncha. Nilikikata wima kwa sababu nilikuwa na haraka. Nyuma nilisema kweli, palikuwa pameoza, na siku moja pangevunjika. Lakini si pale palipomuua baba. Palipomuua ni hapa."

Dereva hakuondoa kidole. 

"Ni ile siku ya gauni la kijani," alisema.

"Ndiyo."

"Mimi ndiye niliyekuwa nakuharakisha."

"Wewe uliniita. Aliyekata ni mimi."

Dereva alikaa juu ya tairi, akalia kwa mara ya kwanza tangu msiba, kwa sauti, kama mtoto. Sikio alisimama mbali kidogo, kwa sababu hakujua kama ana haki ya kusogea. Mama wa chai alileta kikombe, akakiweka karibu yake, akakifunika kwa sahani, akaondoka bila kuuliza.

Dereva alipomaliza kulia alifuta uso kwa mkono wa plasta.

"Ungenyamaza," alisema, "ningeolewa na wewe, na nisingejua ninaishi na nani."

"Sasa unajua."

"Najua." Alivuta pumzi. "Shangazi anauliza kila siku nini kilikatika. Utakuja kumwambia hivi hivi ulivyoniambia mimi. Usipunguze."

"Watanifukuza."

"Pengine."

"Na wewe?"

Dereva aliinuka. Alimwambia achukue msumeno, waikate chasisi yote vipande vifupi vifupi, asije mtu mwingine akaichomelea tena na kuipaka rangi. Wakaikata mpaka jua likapoa, yeye akishika upande mmoja kwa mkono wake mzima, cheche zikiruka mbali na nguo yake nyeusi kwa sababu Sikio aligeuza mgongo kuzizuia.

Siku ya pili Sikio alivaa shati jeupe, amelipiga pasi mwenyewe, kola imekaa vibaya. Alipofika kwenye kona ya nyumba ya marehemu alipunguza mwendo. Getini alikuwa amesimama Dereva, kama siku ile, ila sasa na nguo za msiba. Ndani zilisikika sauti za wajomba na shangazi wakimsubiri.

Alisimama. Alitaka kugeuka.

Dereva alitoka nje ya geti, akamjia, akamnyoosha kola kwa mkono ule mmoja.

"Taratibu," alimwambia. "Hakuna anayekuharakisha." Akasimama kando yake pale njiani, akasubiri mpaka alipokuwa tayari, wakaingia pamoja.