Wakili Aliyekataza Kidonda Kupona

Ndugu zangu wa mlimani na wa mjini, sogeeni niwaeleze jambo ambalo hadi leo linanitia kinyaa. Kama unakula, weka sahani kando kwanza.

Pale Mwika wanaishi Kastori, mkulima wa kahawa na ndizi, na mkewe Avelina. Asubuhi moja ya siku ya soko Avelina alikuwa jikoni anaponda ndizi za mtori. Ng'ombe walikwisha kupewa majani. Mama mkwe wake, Bibi Margareta, alikuwa barazani anachambua maharage huku akimsema jirani, kama kawaida yake. Kastori alipakia mikungu miwili ya ndizi kwenye toroli.

"Usisahau chumvi," Avelina alimwambia.

"Nimewahi kusahau?"

"Mara ngapi!"

Wakacheka, naye akaondoka akisukuma toroli lake.

Sokoni hakufika. Lori la kokoto lilikatika breki mteremkoni likamzoa yeye na ndizi zake. Walipomwokota, mfupa wa muundi wa mguu wa kulia ulikuwa umetokeza nje.

Avelina alipofika hospitalini mjini Moshi, moyo uko mkononi, alimkuta mtu ameshamtangulia kando ya kitanda. Suti ya kijivu, viatu vinang'aa, karatasi mkononi.

"Shikamoo, mama. Pole sana. Mimi ni Wakili Godlove, mtoto wa hapo jirani tu, Mamba." Kisha akamwongelesha Kichagga, tena kile cha wazee, kitamu. Avelina alitokwa na machozi. Alijiona ameletewa mtoto na Mungu.

Unajiuliza alijuaje? Ngoja nikwambie. Kusema haki, Godlove alianza vizuri. Kesi yake ya kwanza ilikuwa ya kibarua wa shamba la miwa aliyekatwa vidole na mashine. Alihangaika nayo miaka mitatu, akashinda, watu wakambeba juu juu. Hapo sifa zikamlevya. Akaacha kungoja wateja, akaanza kuwafukuzia. Kuanzia Majengo mpaka Sanya Juu alikuwa na madereva wa bodaboda wa kumpigia simu, na damu haijakauka barabarani yeye yupo na kalamu yake. Sheria hakujisumbua nayo tena. Alikuwa mtu wa kuonyesha. Atamvua mteja shati mbele ya mahakama nzima, atamfungua bandeji, atamwambia alie. "Hakimu naye ana macho," alizoea kusema. Ptuu!

Kastori, maumivu yamemzidi, akaweka dole gumba kwenye karatasi.

Wiki ya tatu alirudishwa nyumbani, vyuma vimechomoza kwenye mguu. Daktari alikuwa amesema wazi: baada ya wiki sita arudi, asafishwe kidonda na kuwekewa chuma cha ndani. Bila hivyo mguu utaoza.

Jumamosi moja wakaja wageni. Mbele alikuwa Mzee Sirili wa Sanya Juu, mwenye lori, na nyuma yake wazee wawili. Mkononi alishika jani la isale.

Kwa wasiojua: isale ni mmea tu, tumeuzungushia mipaka ya vihamba vyetu, yaani mashamba ya ukoo. Lakini mtu akikujia na jani lake mkononi, anakuomba msamaha kwa heshima yote aliyonayo, na Mchagga hamkatalii. Tumewapokea hata waliotuulia ndugu.

"Mama," Sirili alisema akiwa bado nje ya geti, "gari ni langu, na kosa ni langu. Nipokeeni. Mgonjwa nitampeleka hospitali mimi mwenyewe, afanyiwe upasuaji, na nitamuuguza hadi atembee."

Avelina akaomba udhuru, akaingia ndani, akampigia wakili.

"Usilipokee, mama!" Godlove alipiga kelele mpaka simu ikakwaruza. "Ukilipokea jani umesamehe, na ukisamehe kesi imekufa. Huyo mzee ni mjanja. Funga geti!"

Bibi Margareta alisikia. "Isale halikataliwi, mwanangu," alisema. "Kwetu hakuna aliyewahi kulikataa akabaki salama."

Sasa hapa nisimfiche Avelina, kwa sababu yeye mwenyewe hajifichi. Aliogopa mila, ndiyo, lakini pia alitamani. Wakili alikuwa amemwambia kwamba kesi hii itawajengea nyumba ya matofali. Akatoka, akamwambia Mzee Sirili, "Tutaonana mahakamani." Mzee alisimama kidogo na jani lake, akatikisa kichwa, wakaondoka.

Wiki sita zilipotimia, Avelina akamuuliza wakili kuhusu hospitali.

"Haraka ya nini, mama? Mguu ndio ushahidi wetu. Ukipona, hakimu ataona nini? Subirini auone kwanza."

Kesi ikaahirishwa mara ya kwanza, ikaahirishwa mara ya pili. Kila mara Godlove alikuja Mwika na simu yake kupiga picha. Alimwambia Avelina asikioshe kidonda siku ya picha. Usaha ukianza kutoka, alisogea karibu zaidi, kitambaa puani. "Safi sana," alisema. Jamani! Mtu anaoza, wewe unasema safi sana!

Harufu ikajaa nyumba. Watoto wakahamia kulala jikoni. Usiku homa ilimpandisha Kastori akawa anaita watu waliokufa zamani. Asubuhi moja Avelina alifungua bandeji akakuta vidole vimekuwa vyeusi. Hakupiga simu kwa mtu. Alimwita jirani mwenye gari, wakamkimbiza Moshi.

Daktari aliutazama mguu, akamtazama Avelina. "Mama, mlikuwa wapi?"

Mguu ukakatwa siku hiyohiyo.

Avelina akiwa amekaa kwenye benchi la ukumbini, simu ikaita. Alikuwa Godlove. Avelina akamweleza kwamba mguu umekatwa.

"Pole sana, mama. Pole." Kisha akauliza: "Wameukatia wapi? Juu ya goti au chini?"

"Juu."

Akamsikia anashusha pumzi. "Basi usihuzunike. Juu ya goti ni bora zaidi kwetu."

Avelina aliitoa simu sikioni. Akaifuta kwa kanga yake, akaifuta tena, kisha akainama akatapika pale pale sakafuni.

Siku ya kesi ilifika. Godlove alimsimamisha Kastori kwa magongo, akamwambia apandishe suruali. Watu wakaguna. Wakili akageuka taratibu, sauti imejaa huzuni ya kununua.

"Mweleze mheshimiwa, mzee wangu. Ni nani aliyekutia kilema hiki?"

Kastori alimtazama. "Lori lilinivunja mguu, mheshimiwa. Aliyeukata ni huyu hapa," akasema, akamnyooshea wakili wake kidole.

"Mheshimiwa, shahidi amechanganyikiwa—"

"Kaa chini, wakili," hakimu alisema. "Endelea, mzee."

Kastori akaeleza yote: picha, wiki sita, isale lililorudishwa getini. Mzee Sirili naye alipoitwa hakuongeza chumvi. Alisema tu kwamba alikwenda, na kwamba hakupokelewa.

Siku ya hukumu hakimu alisoma bila kuinua uso. Mwenye lori atalipa fidia ya mguu uliovunjwa. Ya mguu uliokatwa hatalipa, kwa sababu tiba ililetwa mpaka mlangoni ikakataliwa. Kisha akavua miwani, akamtazama Avelina. "Na huo msamaha wa jani, mama, usingeua kesi yako. Mngelipokea jani, mgonjwa akatibiwa, na kesi ingeendelea vilevile. Wakili yeyote analijua hilo."

Avelina akamgeukia Godlove. Kumbe alijua! Tangu siku ile alijua!

Nje kwenye ngazi Mzee Sirili aliwasogelea. Avelina alitaka kupiga magoti, mzee akamzuia. "Mama, siku ile nilikuwa nimewaletea mguu," alisema kwa upole. Hapo Avelina akalia kwa sauti, watu wote wakigeuka.

Na Godlove? Alikuwa ngazi ya chini yao, simu sikioni. "Wapi? Basi zima? Wameumia wangapi?" Akalikimbilia gari lake, koti linapepea, wala hakuaga. Kastori alibaki ameshika ukuta, anatafuta pa kukanyagia kwa mguu mmoja.

FUNZO

Wazazi wenzangu, kudai haki yako si dhambi. Ukigongwa, dai, na wapo mawakili waaminifu watakaokusimamia. Lakini anayekutangulia kitandani na karatasi kabla ndugu zako hawajafika, muulize kwanza ameitwa na nani. Anayekwambia usitibiwe, mkimbie, hata kama ana suti na anaongea lugha ya mama yako. Dawa kwanza, kesi baadaye. Na mtu akija getini kwako ameshika isale, mfungulie. Msamaha haukunyimi haki yako.

Avelina amemshtaki Godlove kwa wakubwa wa mawakili, na majibu bado anayasubiri. Kastori siku hizi hukaa barazani na mama yake wakichambua maharage, na mkewe ndiye anayesukuma ndizi sokoni. Avelina anaikiri tamaa yake mbele ya kila mtu, na ameniruhusu niwaambie. Jitazameni, msije mkauza kiungo ambacho hakiwezi kurudi.